Mama Honorine na Vifaranga wa Arusi ya Sonia

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mama Honorine Lwamba, muuguzi wa mifugo katika ofisi yetu ya Kasongo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wapo wanaosema ni thelathini na miwili, kwa kuwa wanaongeza mwaka wa majaribio. Programu hii ya sherehe ya kumuaga inafuata hesabu ya Bwana Joël, mkuu wa ofisi, ambaye amesoma kila aya na kuipitisha, isipokuwa moja ambayo amesema bado anaifikiria.

Mama Honorine alizaliwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, katika ukoo wa wavuvi, na kila mtu alitarajia kwamba angeuza samaki. Yeye akachagua kuku. Mwenyewe hueleza kuwa samaki akifika mikononi mwako ameshakufa na huna la kumfanyia, lakini kuku anakupa nafasi. Alisomea Kindu, akapangiwa Kasongo, akatumwa Kabambare kwa muda, akarudishwa. Salamabila ilipojaa wachimba dhahabu na kila mmoja wao akataka kula nyama, ni yeye aliyepanda nyuma ya pikipiki, sanduku la chanjo mapajani, kwenda kuwachanja kuku wa wafanyabiashara. Wachimbaji wakamwita Daktari wa Supu. Jina hilo hakulipenda, ila aliliitikia.

Ametibu mbuzi, mbwa, njiwa, na yule nguruwe aliyemzingira Bwana Joël juu ya meza yake mwenyewe asubuhi nzima, mpaka Mama Honorine alipofika na kumtoa nje kwa ndizi moja. Nguruwe ndiye aliyetolewa kwa ndizi. Bwana Joël alishuka baadaye, kwa utaratibu. (Hii ndiyo aya anayoifikiria.)

Hata hivyo, jina lake mjini limejengwa na vifaranga. Wafugaji wote wanaujua ugonjwa wa kuhara damu. Unaletwa na vijidudu ambavyo jicho halivioni. Vinakaa matumboni, vinatoka na kinyesi, vinangoja penye unyevu, na kifaranga akidonoa hapo anavimeza. Baada ya siku chache anajikunyata, mabawa yanashuka, anasimama amefumba macho kama mtumishi katika mkutano mrefu. Mama Honorine husema kwamba dawa ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni ufagio. Ili wageni wetu waelewe maana ya usemi huo, inafaa kukumbusha kisa cha msimu uliopita wa mpunga. Wahusika wote wametoa ruhusa.

Marie-Louise, mkulima wa mtaa wa nyuma ya soko, alikuwa akifuga vifaranga kwa ajili ya arusi ya binti yake Sonia. Wakwe walikuwa watoke Kabambare baada ya mavuno. Safari yao ya kwanza ilivunjika njiani kwa sababu ya matope, na baba wa bwana arusi alikuwa ametamka wazi kwamba atakuja mara hii, ila ya tatu haitakuwapo. Na kila mtu hapa anajua kwamba mkwe anapokuja arusini hapewi maharagwe. Ukimpa atakula, atashukuru kwa adabu, na habari itafika Kabambare kabla yake.

Basi vifaranga wakaanza kuhara damu. Marie-Louise aliona aibu. Akafanya lile tunalolifanya wengi ugonjwa unapoingia nyumbani: aligawanya. Kama vile watoto wanavyopelekwa kwa shangazi surua inapoingia, aliwapanga vifaranga kwenye vikapu, akawafunika kitenge, akawapeleka kwa dada zake wawili na kwa wifi yake. Kila nyumba ikapokea wakimbizi, na kila mkimbizi akaja na mzigo wake tumboni. Nyumba hizo nazo zilikuwa na kuku.

Haukupita muda, ofisi ikaanza kupokea wanawake wenye marafiki.

“Mama, iko rafiki yangu moja,” alisema wa kwanza, “vitoto vyake vya kuku vinahara damu.”

“Pole kwake. Anakaa wapi?”

“Ah, mbali.”

Akaja wa pili, naye ana rafiki. Akaja wa tatu, rafiki yake anakaa mbali zaidi. Huyo wa tatu alikuwa Marie-Louise. Mama Honorine alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Huyo rafiki yako amekuazima kitenge?” aliuliza. “Maana mavi ya kuku iko hapa kwa mukono.”

Marie-Louise akafunga mlango wa ofisi. “Mama Honorine, nakuomba, usiseme kwa nguvu. Wakwe wako na masikio mpaka kwa soko.”

“Wakwe wako na masikio, vitoto viko na tumbo. Tuanze na tumbo.”

Alikwenda siku ileile. Kwanza aliamuru wakimbizi wote warudishwe, hadharani, bila kitenge juu. Wakakusanywa katika kibanda kimoja kilichofagiliwa hadi udongo mgumu, kikamwagiwa majivu na kutandikwa maganda makavu ya mpunga. Kuku wa nyumba zilizowapokea walitibiwa kulekule waliko. Dawa ni unga unaoyeyushwa katika maji ya kunywa, na hapo ndipo penye sharti: kifaranga asipate maji mengine popote. Ndoo zikafunikwa. Vyombo vikaoshewa mbali. Maganda yaliyolowa yakatolewa kila asubuhi na kuchomwa.

Marie-Louise alifuata kila neno, na vifaranga wakaendelea kufa.

Sonia hakuvumilia. “Mama Honorine, uniambie tu. Nitaolewa ao sitaolewa?”

“Mimi ni muganga wa kuku, mwanangu. Ndoa ulizia kwa padri. Lakini dawa yangu iko muzuri, na hawa hawainywi. Wanakunywa wapi?”

Hakuna aliyejua. Mama Honorine akageuza kinu, akakikalia uani, akaanza kutazama. Alitazama hadi adhuhuri. Muadhini alipoita, vifaranga walioachiwa uani mchana waliinua vichwa, wakajipanga, wakapenya mmoja mmoja chini ya uzio kwenda kwa jirani.

Jirani ni Mzee Djamali, fundi cherehani mstaafu, mtu wa dini na wa mzaha. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lake akichukua udhu, maji yakitiririka kwenye kijito kidogo hadi kwenye uzio, na vifaranga wa Marie-Louise wamekizunguka, wanakunywa kwa raha. Palikuwa pamelowa, pamejaa kinyesi. Mzee alikuwa akiwaongezea kidogo kwa birika.

“Karibu, mama!” alisema. “Unaona hawa? Vitoto hivi viko na dini kuliko vijana wote wa mtaa huu. Adhuhuri, alasiri, havikosi!”

Jambo hili lilikuwa gumu kuliko ugonjwa. Mtu wa ofisi hawezi kuingia katika ua wa mzee na kumwambia habari za udhu wake, na Marie-Louise, nyuma ya uzio, alikuwa anatoa ishara za mikono kwamba yaishe, bora wafe. Mama Honorine aliketi. Aliuliza habari za mgongo wa mzee. Aliuliza habari za wajukuu. Kisha akasema taratibu:

“Baba, nauliza jambo la dini, unifundishe. Mugonjwa analazimishwa kuja msikitini?”

“Hapana! Mugonjwa anaswali kwake.”

“Basi waumini wako hawa ni wagonjwa, baba.”

Mzee Djamali alicheka hadi kofia ikaanguka. Alipomaliza kucheka alilitazama lile tope, akawatazama vifaranga. “Kumbe mimi ndiye nilikuwa nawaua,” alisema. Mama Honorine akamjibu kwamba anayeua ni kijidudu, yeye alikuwa anawakaribisha tu. Kabla ya alasiri jiwe lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba, na mfereji mpya ulikuwa unaelekea kwenye migomba. Marie-Louise aliziba uzio kwa mikono yake.

Vifaranga sasa wakanywa maji ya dawa, maana hakukuwa na mengine. Damu ikakatika kwenye vinyesi, mabawa yakapanda, na kibandani ukaanza ule ugomvi wa kugombea chakula ambao Mama Honorine huuita cheti cha afya. Wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki walitosha, kama wapishi wangekata vipande kwa akili.

Wakwe wakafika, matope hadi magotini. Mzee Djamali ndiye aliyechinja, ili wageni wa dini zote wale bila swali. Na hapo, katika kugawa, Marie-Louise alifanya jambo ambalo mtaa bado unalizungumza. Firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwanamume mgeni aliye mkubwa kuliko wote, aliiweka kwenye sahani peke yake, akampita baba wa bwana arusi, akaipeleka kwa Mama Honorine.

Baba mkwe akaifuata sahani kwa macho.

“Huyu mama ni nani kwenu?” aliuliza baba mkwe.

Marie-Louise angeweza kusema ni shangazi, na siri ingebaki siri. Sonia alikuwa anamwangalia kwa macho ya kumsihi aseme hivyo.

“Si ndugu yetu, baba,” alijibu. “Hawa kuku waligonjwa, wote. Nikawaficha, nikaharibu zaidi. Huyu ndiye aliwaponya. Bila yeye, leo ungekula maharagi.”

Baba mkwe aliweka mkono chini. Sonia alilia, akajifuta.

“Kwetu walikufa mpaka wa mwisho,” alisema hatimaye. “Mwaka jana. Muke wangu alizika kila mumoja nyuma ya nyumba, hatukuambia mutu.” Akamgeukia Mama Honorine. “Kula firigisi yako, mama. Ukimaliza utaniambia kama pikipiki yenu inafika Kabambare.”

Ilifika, juma lililofuata, na bibi arusi akiwa amekaa katikati, kati ya dereva na Mama Honorine aliyepakata sanduku la dawa.

Mama Honorine, unarudi Nyangwe, na ofisi inabaki na kabati lako, ufagio wako na sisi. Asante kwa miaka yote, ile inayohesabiwa na ule mmoja unaobishaniwa. Uamke muda unaoutaka. Mto ukupe samaki, majirani wakupe salamu, na afya isikupite mlangoni. Ishi vema, mama yetu, na uzeeke kwa raha.