Damari Binti Andendekisye na Haragwe la Igavilo

Mliokuja kumzika Damari mnamjua kwa uji wake na kwa ukali wake. Haya mengine msikilize.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Rungwe, zama za Mjerumani, mtoto wa tatu wa mzee Andendekisye. Siku haikuandikwa. Mama yake alisema walikuwa wanapalilia mahindi.

Alisoma miaka minne shule ya misheni, akajua kusoma, kuandika na hesabu. Mume wake, Sedekia, hakusoma hata siku moja, na Damari hakumcheka kwa hilo. Alimcheka kwa mengine.

Walifunga ndoa tarehe 4 Oktoba 1930, wakahamia Mbeya, wakalima viazi mlimani juu ya mji. Mwaka mmoja Sedekia alimwaga samadi kwenye shamba la karibu na nyumba, viazi vikatoka vikubwa, akatamba mpaka kwa majirani. Damari akamwambia, "Baba Tupo, shamba hilo lilikuwa zuri kabla ya samadi yako. Ukitaka kujua, tupige kura shamba lipi lipate." Wakapigia kura mashamba manane, manne yakapata samadi, manne yakakosa. Samadi ilishinda, ila kidogo tu. Sedekia alichekwa msimu mzima.

Mwaka 1946 Damari aliajiriwa zahanati, mhudumu. Mwaka 1953 akaja daktari wa kizungu kupima vidonge vya kuzuia malaria katika vijiji kumi na vinne vya bonde la Usangu. Alitaka nyumba hii ipate, ile ikose. Damari alikuwa anaosha vyombo vya sindano. Akasema, "Bwana Daktari, hawa wanakula chungu kimoja. Zuena akipata na Mwamvita akikosa, kabla jua halijazama wameshagawana. Kura iwe ya kijiji kizima."

"Na kuhesabu je?"

"Hesabu vijiji. Mbu wa kijiji ni wale wale, homa ikiingia inaingia kwao wote. Usije ukasema una watu elfu tatu. Una vijiji kumi na vinne, basi."

Daktari aliweka kalamu chini. Tangu siku ile alimwita Mama Kumi na Nne. Wakakubaliana na jambo moja zaidi, neno la Damari: kijiji kikishaangukia upande, kihesabiwe upande huo mpaka mwisho, hata kama vidonge vitapotea njiani.

Vijiji vikapangwa viwili viwili, cha majimaji na cha majimaji, cha nchi kavu na cha nchi kavu. Tarehe 16 Februari 1954 majumbe wakakusanyika. Daktari hakukaa, asije akaonekana anapendelea. Bibi Verediana, kipofu, akatia mkono kwenye kibuyu. Haragwe jeusi, kijiji kinapata dawa. Jeupe, kinangoja miaka miwili. Kila jumbe aliondoka na lake. Igavilo, alikoolewa binti yao Tupokigwe, walipata jeusi. Wenzao wa Mahanga walipata jeupe. Damari aliandika kwenye daftari lake. Aliyenakili orodha ya ofisi ni karani Eliezeri, na wakwe zake wako Mahanga.

Damari akatumwa Kalenga, Iringa, kuorodhesha vijiji vingine. Aliporudi mwezi Juni, akakuta Mahanga wanameza vidonge na Igavilo wanangoja. Akaenda ofisini na daftari lake. Eliezeri akamwambia mbele ya watu, "Mama, uliyegeuza orodha ni wewe. Mwanao yuko Igavilo. Uchungu wa mzazi tunaujua."

"Muulizeni Bibi Verediana."

"Kipofu? Atasema aliona nini?"

Watu wakacheka. Jumbe wa Igavilo alibisha, haragwe lake jeusi mkononi, akaambiwa anamtetea mkwe wa kijiji chake. Jumbe Zubery wa Mahanga alinyamaza. Wengine walisema ofisi ndiyo inajua. Daktari aliamini karatasi yenye mhuri. Tarehe 28 Juni 1954 Damari alifukuzwa kazi, akaitwa mwongo.

Tupokigwe alikufa kwa malaria tarehe 9 Aprili 1955, mimba ya miezi saba tumboni. Igavilo walizika watu kumi na mmoja masika yale.

Kifua cha Damari kilianza kuuma mwaka jana. Tarehe 30 Julai mwaka huu Zubery alikuja nyumbani, akaweka haragwe jeupe kitandani. "Mama, hili ndilo tulilovuta Mahanga. Eliezeri aliniambia nilitupe. Nilishindwa."

Damari alilitazama. "Miaka mitano, jumbe. Hata wadudu wamelikataa."

Zubery alilia. Hakuambiwa anyamaze.

Damari alifariki hospitalini Mbeya, Jumapili tarehe 9 Agosti 1959, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwa mume wake: "Baba Tupo, Igavilo wahesabiwe upande wao."

Barua imekwenda kwa daktari, kusema Igavilo walivuta jeusi. Ina dole gumba la Zubery, la Verediana na la Sedekia.

Eliezeri, sasa karani mkuu, aliomba kusoma leo salamu za ofisi. Jina lake limefutwa kwenye ratiba. Mchungaji aliomba maneno haya nayo yafutwe. Hayakufutwa. Eliezeri amesema atakuja. Akija, akae. Udongo hatatupa. Atakayempa koleo amekosana na Sedekia mpaka kufa. Siku atakayosimama Igavilo, mbele ya makaburi kumi na moja, akataja kwa mdomo wake haragwe lililotoka, siku hiyo aje atupe udongo. Sedekia ana miaka sitini na minane na miguu bado inampeleka Igavilo. Ataulizia kila masika.

Damari ameacha mume, Sedekia. Watoto wawili, Abrahamu na Ikupa. Dada yake, Severina. Na wajukuu wanne. Wa tano angekuwa wa Tupokigwe.

Damari apumzike kwa amani. Eliezeri bado.