Nilivyoziba Mfereji wa Tandiko la Halua

Nawasalimu majirani wote, mliotoka msikitini na mliotoka kanisani, na wewe mama uliyekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka. Tulia, sitachelewa. Wengi mnajua kwamba nilianguka kutoka juu ya farasi, maana mliniona na mkono umefungwa shingoni. Lakini mi nilikuwa nimeanguka kabla ya siku ile, na hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Mi ni fundi wa viti vya magari, hapa hapa Buyenzi. Ukipanda teksi ya mjini ukakaa ukasema "ahaa", huenda ni kazi ya mikono hii. Esansi ilipoadimika magari yakalala matangi matupu, na nani ashonee kiti gari lisilotembea? Nikabaki kibandani nafukuza nzi. Ndipo muzee mmoja akaniita, wa zile familia za Kiarabu zenye maduka ya siku nyingi. Alikuwa na farasi jike wa rangi ya kahawia, jina lake Halua, akimfuga kwenye kiwanja chake kule Kanyosha. Alijua kwamba ujanani nilisafisha mazizi kwenye klabu ya farasi nikajifunza kupanda. Akanipa kazi ya kumtunza, kumpanda kila siku, na kuwapandisha watoto siku za harusi na Idi.

Ndugu zangu, nawaambia, yule farasi alinipenda. Akisikia viatu vyangu barabarani anakuja getini. Nikimsugua brashi anaweka kidevu begani kwangu na kusinzia. Mke wangu alisema nimeoa mara ya pili, tena bila kumwarifu.

Sasa, tandiko lake lilikuwa kuukuu. Nikamwambia muzee, "Niachie mi, hii ni kazi yangu." Nikalileta kibandani, nikalipindua, nikalifumua. Upande wa chini, unaokaa juu ya mgongo wa farasi, kulikuwa na mito miwili mirefu iliyojaa sufu iliyoshikana, na katikati ya mito hiyo mfereji mtupu, kutoka mbele mpaka nyuma. Fundi wa viti akiona pengo, vidole vinamwasha. Nikasema, hapa pamechakaa, pamebonyea. Nikatupa sufu, nikaweka sponji ngumu ya viti vya basi, nikauziba mfereji ule wote, nikashona kwa uzi mwekundu. Likawa zuri! Mafundi wenzangu walikuja kulipapasa. Muzee naye alifurahi.

Haikupita wiki mbili, Halua akabadilika. Akiniona na tandiko analaza masikio. Nikifunga mkanda wa tumbo anageuka kutaka kuniuma. Nikipanda, mgongo wake unadidimia chini yangu. Jasho likimtoka mwili mzima, chini ya tandiko kunabaki mabaka mawili makavu, na mi nilifurahi, nikasema kazi yangu ni nzuri hata haimchomi. Mnacheka? Chekeni tu, nastahili.

Nikaamua kwamba amepata kiburi. Na hapa sasa naomba mnivumilie, maana nasema kwa aibu. Nilikata fimbo. Nilimpiga yule mnyama aliyekuwa akisinzia begani kwangu. Nilimpiga leo, nikampiga kesho, na kila nilivyompiga alizidi, nami nikazidi. Akaacha kuja getini. Akisikia viatu vyangu anakwenda kusimama kona ya mbali, uso ukutani. Iliniuma sana, na badala ya kujiuliza nikaongeza fimbo.

Siku chache kabla ya Idi akanirusha. Nilisikia mfupa wa bega ukilia. Muzee alikuja kuniona nyumbani, akakaa, akasema, "Wajukuu wangu walikuwa wanamungojea siku ya Idi. Farasi wa kutupa watu, apana. Kuko mutu wa huko juu milimani anamutaka wa kubeba matofali. Atakuja kumuchukua juma lijalo." Sikumtetea Halua. Nilisema, "Ni sawa, muzee." Mungu anisamehe neno lile.

Tandiko lilikuwa kwangu, limelala sakafuni miguu juu. Mke wangu anauza ndizi. Mkungu anaubeba kichwani kutoka Kanyosha mpaka sokoni. Jioni ile alirudi, akavua ingata yake, ile pete ya majani ya migomba inayokaa kati ya kichwa na mzigo, akataka kuiweka juu ya tandiko. Akasimama akiliangalia.

"We bwana, hiki kitu kinakaa upande gani juu ya farasi?"

Nikamwonyesha.

"Na katikati hakina tundu?"

"Lilikuwepo. Nililiziba."

"Ingata yangu mi ninaifunga na tundu, ili uzito ukae pembeni, usikae juu ya mufupa. We ulimuwekea mwenzako mutu muzima na uzito wake wote juu ya mufupa wa mugongo, halafu ulimupiga kwa sababu analia?"

Asubuhi nilikwenda Kanyosha kwa miguu, mkono umefungwa shingoni. Halua alikuwa kwenye ile kona yake. Nilisimama mbali mpaka akaniruhusu, nikapitisha vidole vyangu mgongoni. Ngozi ilimtetemeka. Kulikuwa na uvimbe pande zote mbili za uti, pale pale palipokuwa pakibanwa hata jasho halitoki, na mahali nywele zimekwisha kabisa. Nililia pale, mtu mzima, na sioni haya kuwaambia.

Kisha nikaenda dukani kwa muzee, mbele ya wateja wake, nikasema, "Farasi hana kosa. Kosa ni la uzi wangu mwekundu, tandiko nililolishona limemuumiza mgongo." Nilijua naweza kupoteza kazi na jina langu la fundi. Muzee akaweka kalamu chini. "Kumbe mi nilitaka kuuza mugonjwa," akasema. Yule mtu wa matofali akarudishwa mikono mitupu.

Miezi mitatu hakuna aliyempanda. Nilimwosha mgongo kwa maji ya chumvi, nikatembea naye bega kwa bega. Nilikunja waya juu ya mgongo wake, nikachora umbo lake kwenye katoni, nikalijenga tandiko upya: sufu kidogo kidogo, na katikati mfereji wa upana wa vidole vinne. Kila mwezi napitisha mkono tena, kwa sababu farasi hunenepa na kukonda, na tandiko la jana laweza kuwa jeraha la leo.

Namshukuru muzee, aliyekubali kungoja. Nawashukuru nyinyi mlioshika zamu kuleta chakula kwangu nilipokuwa siwezi kushika sindano. Na mke wangu, aliyenifundisha ufundi wangu mwenyewe. Somo langu ni dogo: mtu wako wa karibu akibadilika ghafla, mtoto, mke, mfanyakazi, kabla hujaokota fimbo mpapase kwanza mgongo, uone umembebesha nini.

Nywele za Halua zimerudi, nyeupe, alama mbili. Ngozi ilipona upesi. Hofu ndiyo iliyokawia. Nikinyanyua mkono hata kumsalimia mtu, alikuwa akijikunja. Juzi alipita jirani, nikamnyanyulia mkono bila kufikiri, kisha nikaganda, nikamwangalia Halua. Alikuwa anatafuna majani. Hakuinua hata kichwa.