Mbegu za Darini

Ishusheni sufuria motoni. Hapana, Nieves, acha kunipangia mto wa kichwani, hauna tatizo. Nenda jikoni ukaishushe kwanza, halafu urudi ukae hapa miguuni pangu, maana nikishaanza kusema sina pumzi ya kurudia. Macho yangu yamekwenda na miguu imekwenda, lakini pua bado ni yangu, na harufu inayokuja kutoka kule si ya viazi vyeupe alivyoshusha Grimaldo kwenye lori lake. Vile vikichemka havinuki, unaweza kudhani mtu anachemsha maji. Hii ni harufu ya kile cheusi chenye moyo wa zambarau, na cheusi hakikuwa jikoni. Kilikuwa darini, kimefunikwa kwa nyasi kavu na muña, yale majani ya mlimani yenye harufu kali, ili wadudu wasikiguse. Nani amepanda ngazi?

Yeni. Basi usijifiche nyuma ya mlango, mkwe wangu, ingia. Ulitaka kuwapikia wageni waliokuja kunitazama ninavyokufa, ukakuta vile vyeupe vya jikoni vimekwisha, ukapanda. Nimeelewa. Nieves, funga mdomo. Nimekusikia ukisema, "Si niliwaambia, huyu mtu wa bondeni hajui lolote." Wewe uliyezaliwa chini ya dari hilohilo, mwaka huu umepanda ngazi mara ngapi? Niambieni tu, vimepasuka? Vimepasuka vyote. Basi vimekwisha. Wapelekeeni wageni, wavile kwa chumvi na jibini, chakula hakimwagwi katika nyumba hii. Ila zile zilikuwa mbegu, na kilikuwa cheusi chote nilichobakiza.

Sasa kaeni. Grimaldo, vua kofia, ukae karibu na dada yako hata kama hutaki. Tangu jana mnagombana jikoni mkidhani nimelala. Wewe unasema bustani ya nyuma yote utaitia viazi vyeupe kwa sababu mnunuzi amekuahidi kuchukua vyote. Dada yako anasema apewe nusu yake aiuze arudi mjini. Mnakata bustani yangu kama mkate, na mimi bado napumua. Mimi Domitila, niliyeingia nyumba hii nikiwa bibi arusi wa baba yenu Toribio, nitawaambia bustani ile ni kitu gani, kisha nitasema ni ya nani, na nikishasema, hakuna atakayelifungua tena neno hilo.

Grimaldo, ulikuwa unanyonya mwaka ule wa jalidi. Watu walikuwa wamepata kiazi kipya kutoka kwa wachuuzi, kikubwa, laini, kinamenyeka kama yai, na mimi sikisemi vibaya, kilikuwa kiazi kizuri. Wakakipanda mashambani, kisha wakakipanda mpaka bustani za nyuma ya nyumba, kila ua, kila pembe. Baba yenu alitaka nasi tufanye hivyo. Mama mkwe wangu akakataa, akasema, "Shambani panda unachouza, nyuma ya nyumba panda unachokula." Walitupiana maneno wiki nzima, mwisho mama yake akashinda kwa sababu alikaa chini katikati ya bustani akagoma kuinuka.

Mwezi wa Februari, maua yamejaa kilima kizima, ikanyesha mvua ya mawe mchana, na usiku wake anga likawa safi kabisa, hakuna upepo. Asubuhi chini kulikuwa kweupe. Kufika saa ya kula, jua limepiga, majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mlima mzima ulinuka uozo. Wanaume wazima walisimama kwenye mashamba yao mikono ikining'inia. Katika bustani ile ya nyuma vilikufa viazi vingi, lakini havikufa vyote. Vile vichungu vyenye majani madogo vilitikisa vichwa vikasimama tena. Cheusi kiliungua juu kikachipua upya kutoka chini. Tulichovuna hakikujaza hata nusu ya dari. Vichungu tukavianika kwenye baridi ya Juni, tukavikanyaga, tukavikausha mpaka vikawa vyeusi na vigumu kama mawe, tukala hivyo miezi yote, na tukawagawia majirani. Vitamu tukaviweka mbegu. Hatukuonja hata kimoja, na wewe, Grimaldo, ulikuwa unalia kifuani pangu kwa sababu maziwa yalikuwa mepesi.

Nieves, nipe maji. Kidogo tu.

Siku moja mchana, baba yenu yuko malishoni na kondoo, akaja mdogo wake, Leoncio, na gunia tupu begani. Baba yenu mdogo huyohuyo ambaye mnapita mbele ya mlango wake bila salamu. Akaniambia, "Shemeji, fungua dari."

Nikamwambia, "Darini kuna mbegu, Leoncio. Chakula kipo chini, chukua vilivyokaushwa."

"Mke wangu amejifungua juzi. Hayo mawe meusi hayaleti maziwa. Nimemlisha hayohayo tangu ajifungue, mtoto ananyonya hewa."

"Mlete hapa, nitampikia mimi, nitamchinjia hata yule kondoo wa mwisho. Lakini hupandi."

"Utanizuia wewe?"

"Nitakuzuia mimi."

Nikapanda ngazi, nikakaa kwenye kipago cha juu, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa dari. Alinisihi, kisha akanitukana, akaniita mtu wa kuja, akasema mbegu ni za mama yake si zangu. Kisha akaishika ngazi akaivuta. Nadhani alitaka kunitisha. Nilianguka juu ya kinu cha jiwe, na mkono huu mliouona umepinda maisha yenu yote ukavunjika hapo. Alinitazama. Kisha akasimamisha ngazi, akapanda, akajaza gunia, akaondoka.

Baba yenu aliporudi alinikuta nimejifunga mkono kwa mshipi. Hakuuliza mara mbili. Alichukua shoka. Nikakaa kizingitini nikamwambia, "Toribio, ukitaka kupita, nikanyage." Akasema, "Ondoka, Domitila." Nikasema, "Mtoto wake mchanga utamlea wewe?" Alisimama pale shoka mkononi, anapumua kama ng'ombe aliyepanda mlima, na mimi sikujua, kweli wanangu, sikujua kama atanikanyaga. Mwisho akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni mpaka giza likaingia. Hatukuwa na chakula cha kupika kwa kuni zote zile.

Ulipofika wakati wa kupanda, Leoncio alikuwa amelima kipande chake na hana cha kukitia. Nilimwona kutoka ukutani, amesimama tu, mke wake amekaa chini na mtoto. Mtoto alikuwa hai. Baba yenu akaniambia, "Hata jicho moja la kiazi lisivuke ukuta huu." Nikachagua kutoka kile tulichobakiwa nacho, cheusi, cha njano, vichungu, nikafunga kwenye shuka kwa mkono mmoja na meno, nikavuka ukuta mchana, baba yenu ananiona. Hakusema nami mpaka palizi.

Msidhani nilikuwa mwema. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuimaliza. Lakini nilikuwa nimeona mlima mzima ukinuka, nikajua kuwa mbegu iliyokaa upande mmoja wa ukuta ni mbegu inayongoja kufa. Na ikawa hivyo. Nieves, ulikuwa tumboni ulipokuja ule ugonjwa wa majani, madoa meusi, ukungu mweupe chini ya jani, mvua haikatiki. Cheusi chetu kiliozea ardhini chote. Tulilia. Asubuhi moja nikakuta kifurushi langoni, cheusi kimejaa, na mgongo wa Leoncio unateremka njia. Hakugonga. Kwa hiyo hicho mlichokula utotoni mkikililia kwenye sahani, Grimaldo wewe ulikuwa unamnyang'anya dada yako, kilitoka katika ardhi ya mtu msiyemsalimia.

Yeni, chukua shuka lako. Nenda kwake sasa hivi. Mwambie, "Mama Domitila anasema cheusi kimekwisha, anaomba mbegu."

Grimaldo, nyamaza. Ati, "Mama, mtu aliyekuvunja mkono?" Mkono ni wangu, hukuvunjwa wewe. Nenda, Yeni.

Yeye akiwa njiani, sikilizeni namna ya kuchagua. Msichague kwa ukubwa. Bustani si gulio. Zungukeni viazi vikiwa bado na majani, mtazame ni shina gani limebaki kijani wakati jirani zake wameanguka, mlifunge uzi, na mbegu mtoe hapo, ya ukubwa wa yai la kuku, yenye macho mengi. Kona ya chini kabisa, karibu na lango, baridi huteremka ikalala pale kama mbwa. Hapo tieni vichungu tu, kingine kitakufa. Chini ya ukuta wa nyumba pana joto, hapo ni pa kile cha njano kinachowahi, maana kitawalisha wakati dari limekwisha na shamba bado. Pembeni mwa zizi samadi ni nyingi, viazi vyako vyeupe, Grimaldo, vinapenda samadi, vipe mistari yao hapo, sivichukii. Shamba kubwa la juu ni lako, lijaze vyeupe vyote, muuzie mnunuzi wako, ulipie matairi. Katikati ya bustani changanyeni, msipange cha namna moja pamoja, ugonjwa ukikimaliza kimoja ukutane na kigeni ukwame. Na kila mwaka kuleni vya kila aina, mwonje, kwa sababu kisichotamanika mdomoni hakitapandwa na wajukuu zenu, hata mkikiimba.

Nieves, mwanangu, wewe nakupa kondoo wote na kitanda cha kufumia na nguo zangu za sherehe. Uza, weka, ni zako. Bustani sikupi, kwa sababu utaiuza, na wewe hujanificha hilo.

Bustani naipa Yeni. Kelele za nini? Nimesema Yeni. Mnakumbuka siku alipoletwa, nikampa kile kiazi chenye mafundo, kile tunachokiita Mliza-Mkwe, nikampa kisu nikamwambia amenye bila kupoteza nyama? Nieves ulikaa kando unangoja acheke au alie. Akakigeuza mkononi, akakiosha, akakitia majini na ganda lake, akasema, "Mama, hiki kinamenywa kikishaiva." Nilijifanya nimekasirika. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikashika ukuta. Amepika mbegu leo kwa sababu hakuna aliyemwambia zile ni nini. Sote tulikuwa tunapanda ngazi wenyewe na kushuka bila neno. Grimaldo, wewe mume wake uko barabarani na lori, na wewe Nieves uko mjini. Ni nani anayeinama kwenye bustani ile kila asubuhi? Mwenye kuinama ndiye mwenye nayo.

Huyo anakuja. Yeni, umepewa? Weka mkononi mwangu... Ndiyo. Ndicho. Macho yamezama, kama ya mtu mwenye usingizi. Alisema nini? "Mwambie shemeji hivi vimetoka kwenye kipande kile alichonipa mbegu za kukipanda." Alisema hivyo? Alisema hivyo mbele ya watoto wake?

Haya. Haya basi.

Grimaldo, utakwenda kwake kwa miguu yako, umwite baba, na kila mavuno kitu kivuke ukuta, kwenda na kurudi. Ni amri hiyo, siombi. Mnizike karibu na Toribio, mchana. Msinunue jeneza la bei, mbao za dari zipo, zile za kushoto. Chicha, pombe yetu ya mahindi, iwatoshe walimaji kabla ya wanywaji.

Na sasa tokeni. Ardhi ina unyevu wa mvua ya juzi, kesho itakuwa ngumu. Msikae hapa kunihesabia pumzi. Grimaldo, chukua jembe la baba yako, lile la kukanyagia kwa mguu, uvunje udongo, na mkeo aweke mbegu, ndivyo inavyofanywa. Mmwagie Mama Ardhi chicha kwanza. Nieves, wewe bakia, fungua dirisha. Zaidi. Mungu awatazame, na mlima uwafahamu kwa majina. Watoto wenu wasijue njaa niliyoijua. Mikono yenu... mikono yenu ipate kazi mpaka siku ya mwisho.

Nasikia. Hilo ni jembe. Limegonga jiwe, yuko karibu na ukuta mno. Mwambie asogee, Nieves, piga kelele, mimi sauti haifiki. Sasa... ndiyo, huo ni udongo mzuri, unasikia unavyopinduka? Mwambie Yeni jicho liangalie juu. Anajua? Anajua. Ameweka?

Mwambie aweke kingine.