Tulipoimba Jina Lake, Alipiga Makofi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Kimanzi mdhamini wa hema hizi na soda hizi, Chifu wetu, wachungaji, mapadri na masheikh, wasanii wenzangu kutoka Kola hadi Ndithini, akina mama wa soko la mifugo mkiongozwa na dada yetu Hoodo, na nyinyi vijana mlioinua simu juu: hamjambo nyote?

Mimi ni Mutanu, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Mwala, ambacho mmekitunuku kikombe cha kwanza cha tamasha hili la sanaa na utamaduni. Tunashukuru. Kikombe ni kizuri, kinang'aa, na kingekuwa na maji ndani kingetufaa zaidi.

Mmesema tumeutunza utamaduni. Utamaduni upi? Wengi wenu mmeona shanga na mabega yanayotikisika. Lakini myali, nyimbo hizi zetu za Kikamba, haikuwa burudani. Mtu akiikosea jamii, mama zetu walimtungia wimbo, wakamtaja jina lake, la baba yake na kosa lake, wakauimba mbele yake sokoni na kwenye mwethya, pale tunapofanya kazi kwa pamoja. Aliyetajwa hakupata usingizi. Alirudisha alichochukua, akachinja mbuzi, na wimbo ukaishia hapo.

Sasa nisikilizeni. Tulijenga ukuta mtoni kwetu kwa mikono hii. Nzembi, sauti yetu ya kwanza, alibeba mawe akiwa tayari ni nyanya. Mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na mchanga ndio tangi letu, kwa sababu hata kiangazi kikikaza unachimba kidogo tu unapata maji. Kisha malori yakaja kuuzoa. Malori ni yako, Bwana Kimanzi. Sikusingizii, jina lako limeandikwa mlangoni.

Tukakutungia wimbo. Siku ya kwanza tuliuimba sokoni, mbele yako. Wewe ulifanya nini? Uliingia katikati, ukacheza na sisi, ukatutuza, ukapiga makofi, ukasema, "Wamama, hiyo jina yangu iimbeni na nguvu, hata Nairobi wasikie!" Leo madereva wako wanaucheza kwa redio ya lori wakienda kuzoa mchanga.

Jana kwenye mazoezi Hoodo aliniuliza maneno ya wimbo huo maana yake nini, kwa kuwa Kikamba hakijui. Nikamweleza.

"Na huyo mtu alisikia?" akaniuliza.

"Alisikia. Alipenda sana."

Akasema, "Dada, hata kwetu Wasomali mashairi ya wamama yalikuwa yanasimamisha vita. Siku hizi tunaitwa harusi tu."

Tukarudi kwenye mazoezi, wanawake wawili wa lugha mbili.

Niwaulize nyinyi mliosoma: mtu asiyeona haya anaimbiwa nini? Aibu ndiyo iliyokuwa askari wetu. Imekufa, ndugu zangu, na hatukuitwa hata matangani. Nimechoka, na sioni haya kusema nimechoka. Mnatupigia makofi tukilia, mnasema tunalia vizuri.

Nzembi hayuko hapa leo. Amehamia kwa binti yake, kule mjini Syokimau, kwa kuwa mgongo wake hauwezi tena kufuata maji mbali. Tulimsindikiza hadi barabarani na kuku wake kwenye kikapu, akapanda boda boda bila kugeuka nyuma. Ukuta alioujenga bado umesimama mtoni, hauna mchanga, hauna maji, na mbuzi wanajikuna hapo.

Bila yeye hatuna sauti, na bila mto hatuna la kuimba. Kwa hivyo msione tumekuja kusherehekea, tumekuja kuaga. Kikundi chetu kinavunjika leo, na kikombe tutakiacha hapa mezani, mwaka ujao mtampa mwingine.

Limebaki jambo moja. Bwana Kimanzi, umeniomba hapo nje nifunge sherehe kwa wimbo wako, kwa sababu wageni wanaupenda. Mama yangu alinifunza kwamba unamwimba mtu jina lake kwa sababu bado ni wako, na unamngoja arudi. Hatutauimba. Hatukungoji tena.

Nyinyi wengine, asanteni kwa kunitegea sikio.