Mzee Upande Ateremka Mtumbwini

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Upande anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwateremsha wageni mtoni kwa mtumbwi. Alikuwa amebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu. Anaondoka kwa hiari yake, na sisi wenzake, kusema kweli, bado tumepigwa na butwaa.

Alianza kazi akipaka mitumbwi rangi, akapanda hadi kuwa kiongozi mkuu wa safari. Anajua kila kilindi wanakolala viboko na kila njia ya tembo inayoteremkia majini. Pale penye magofu ya kivuko cha zamani, ambapo babu yake aliwahi kuvuta kamba ya pantoni, husimulia habari za wafanyabiashara wa chumvi kana kwamba aliwavusha mwenyewe jana.

Jina la Upande tulimpa sisi. Huketi nyuma ya mtumbwi akiwa amejipinda, bega la kulia mbele, kichwa kimegeukia kushoto. Tukaamini huo ndio mkao wa kuusoma mto. Wanafunzi wote wa kazi hii tumewafundisha hivyo, na shingo zikituuma tulijisemea kwamba ndiyo kazi.

Mwezi uliopita kiboko aliibuka kushoto kwake, akaupindua mtumbwi. Mgeni mmoja, mwalimu, alivunjika mkono na kusombwa na maji. Mzee Upande alimfuata, akamdaka jaketi la kuokolea, akamburuta hadi kwenye mchanga huku mamba wawili wakiingia majini kutoka ng'ambo. Meneja aliitisha kikao cha kumpongeza. Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Akasimama, akatuomba tuache. Alisema yeye hakumwona kiboko yule, maana jicho lake la kushoto lilipofuka miaka mingi iliyopita kwa presha ya macho. Alinyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa kafi, na sasa nusura aue mtu. Hapo ndipo tulipoelewa ule mkao. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mkewe, mpishi wetu, alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hata yeye hakujua. Miaka yote hiyo alidhani mumewe anamringia kila yeye anapompita upande ule wa kushoto. Aliliweka sinia chini, akatoka, na kwa wiki nzima mzee alijipakulia mwenyewe.

Sisi pia tulimkasirikia. Tumewapandisha watoto wetu mtumbwi wake likizo zote hizi, tukarudi nyumbani kulala usingizi. Hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: kabla hajaondoka, viongozi wote wa safari tupimwe macho. Tulinung'unika, tukaenda.

Wawili tumekutwa na ugonjwa huohuo. Mmoja ni mimi. Sikuwa na maumivu, sikuwa na shaka yoyote, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimepangiwa kuongoza familia yenye watoto wadogo. Daktari amesema tumewahi.

Mzee wetu, hasira haijatuisha, na shukrani hatujui tuianzie wapi. Nenda kapumzike na shemeji yetu, afya ikae nawe, na hilo jicho lililobaki ulitunze sana. La kwangu nalitia dawa kila asubuhi.