Gari Hilo Lisitoke

Zimeni hiyo grainda mje mkae. Wote wawili. Na wewe mkwe usitoke, kaa hapo pembeni mwa kitanda, wewe ndiye shahidi ninayemwamini kwa sababu hukutoka tumboni mwangu. Dirisha liacheni wazi. Tangu miguu inikatae nimelala karibu na dirisha hili linalotazama gereji, nanyi mmedhani mtu akilala na masikio yake hulala, kumbe mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikiliza. Nasikia nati ikianguka sakafuni. Nasikia nani ameirudisha spana mahali pake na nani ameitupa. Na tangu asubuhi nalisikia gari lile la wanafunzi, ambalo dereva wake anakuja kulichukua kabla watoto hawajatoka shule. Kwa hiyo nisikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, ya kurudi haimo.

Mambo ya mali yana maneno machache, tuanze nayo yatupishe. Nyumba hii na gereji iliyo mbele yake ni kitu kimoja, na kitu hicho ni chenu ninyi wawili. Mashine ya kulehemu ni ya gereji. Jeki kubwa ni ya gereji. Cherehani, binti yangu, mpe huyu mke wa kaka yako, ndiye pekee katika nyumba hii anayejua kushona kitu kisicho cha chuma. Nguo zangu za kazi zitupeni, msije mkazitunza kabatini na kuzililia, zimejaa matundu ya cheche na hazimfai mtu.

Nimesikia pia habari za ukuta wa mabati. Kwamba nikishafukiwa, kaka atachukua upande wa barabarani, dada atachukua upande wa nyuma, mabati katikati, kila mtu na wateja wake. Haya, na shimo je? Shimo la kuingilia chini ya magari ni moja, nalo liko katikati. Mtalikata kwa msumeno? Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ninyi wanangu ni mafundi wa aina yake, ufa hamjauziba na ukuta mnataka kuujenga juu yake. Hakuna ukuta. Hilo si ombi.

Kuhusu jirani yetu fundi mpaka rangi, ambaye sijasalimiana naye tangu cheche zetu zirukie gari aliloanika: msirithi ugomvi ule. Alikuwa na haki nusu, nami nilikuwa na haki nusu. Nusu yangu naondoka nayo. Akija kunizika, mpeni kiti kizuri.

Nipe maji, mkwe. Kidogo tu. Basi.

Baba yenu walimwita Nyundo, na msidhani ni kwa sifa. Gari likimkataa alilipiga, likimkubali alilipiga kwa kulipongeza. Bomba la moshi likigusa bodi, alibonyeza bodi. Likigusa ekseli, alibonyeza bomba. Na magari yalitoka hapa yamejaa mabonde kama sufuria za jeshi. Nilimpenda, lakini sikumpenda chini ya gari. Alipofariki, mmoja wenu alikuwa na sare ya shule na mwingine yuko mgongoni, nami nilikuwa nimemaliza sekondari nikidhani nitakaa ofisini, nikaishia kulala chini ya magari ya wenye ofisi. Sikulalamika. Nilikuwa nimechoka mno kulalamika. Nikajifunza kwa kutazama mahali alipopiga nyundo, kisha nikajiuliza kwa nini ilibidi apige.

Hicho ndicho ninachowaachia, hayo mengine ni vyuma tu. Bomba la kununua dukani limekunjwa na mtu ambaye hajawahi kuliona gari lako. Amelikunja kwa ajili ya gari jipya, lililonyooka, nawe umeletewa gari lililogongwa ubavuni likanyooshwa, injini yake imelala upande mmoja kwa sababu raba zinazoibeba zimechoka kama mimi. Lazima vitagombana. Ni kama ndoa. Usicheke, mkwe, wewe unajua. Ulikuja hapa na umbo lako ukaikuta nyumba ina umbo lake, na ukawa na akili, hukukaza kitu chochote siku ya kwanza. Bomba nalo ni hivyo hivyo. Lining'inizeni lote, kuanzia injini hadi mkia, nati zote zikiwa za vidole tu. Lisogezeni, lizungusheni kwenye maungio, lipate njia yake lenyewe. Ndipo mkaze, mkianzia mbele. Aliyekaza ya mbele kabla hajaiona ya nyuma atalegeza zote kwa matusi. Likigusa, ulizeni linagusa kwa nini. Raba ya kuning'inizia imenyauka? Badilisheni. Kishikio kimepinda? Kinyoosheni. Mkunjo wake haulingani na gari? Kateni, geuzeni, lehemuni upya, hata kama bomba ni jipya linang'aa na mwenyewe analipenda. Lakini msilivute kwa waya. Waya si dawa, waya ni kumwambia bomba, tulia hapo mpaka mteja avuke barabara.

Na kipimo cha gereji hii mnakijua. Vidole viwili vipite kila mahali kati ya bomba na kitu kingine chochote. Penye mrija wa breki au wa mafuta, kiganja kizima, kwa sababu bomba lililopata moto halihitaji kugusa ili liunguze. Ila vidole hivyo, mwanangu mkubwa, nitazame, vidole hivyo vinapitishwa gari likiwa limekanyaga chini. Si likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia kama miguu ya mtoto aliyebebwa. Ukiliinua gari, ekseli ya nyuma inashuka, inaiacha nafasi wazi, ungeweza kupitisha hata kichwa, unafurahi. Ukilishusha, ekseli inapanda inaichukua nafasi yake. Ukilijaza watu, inapanda zaidi. Ndiyo maana ile mifuko ya mchanga ilikaa mlangoni miaka yote, wapita njia wakidhani najenga. Kila gari la abiria lilipakiwa mchanga kwanza, kisha nikaingia shimoni kutazama. Ulipoiondoa ulisema inachafua mbele ya gereji, wateja wanataka mahali pasafi. Nikanyamaza, nikasema kijana naye aweke mkono wake.

Leo asubuhi ulilifunga bomba gari likiwa juu, ukapitisha vidole, vikapita. Hukudanganya. Vilipita. Ukalishusha, ukalitoa kulijaribu, na lilipopanda kizingiti cha lango nikasikia, ko. Likarudi, ko. Nikakuita hapa dirishani, mwanangu, ni nini hicho? Ukaniambia, "Ni jeki ya dereva, Mama, inacheza nyuma." Haya. Halafu nikamsikia mtu akimwomba mkewe kipande cha waya wa kuanikia nguo. Sasa jeki inaanikwa?

Kaa. Nimesema kaa. Sikukuita nikuaibishe. Najua ulimwahidi yule dereva kwamba leo hakosi, najua tangu nilipoanguka unataka watu waone gereji haijafa, na tangu utotoni neno "bado" linakukwama kooni kama mfupa. Mtu akikuuliza tayari, unasema tayari, kisha unakimbia kuitafuta hiyo tayari iliko. Ni moyo mzuri. Lakini moyo mzuri umevuta bomba likaacha ekseli na kwenda kulala juu ya mrija wa breki, na mrija ule ukiunguzwa na kusuguliwa kila siku, siku moja utatoboka mlimani, gari limejaa, dereva anakanyaga na mguu unazama.

Naona umeshtuka. Hukujua. Nilijua kwamba hukujua.

Lakini wewe, binti yangu, mbona hujashtuka?

Usitazame ukuta. Mchana, mliponidhania nimelala, mlikuwa hapa, wewe na wifi yako, mnanibadilishia shuka. Ukasema, "Mwache na waya wake. Bomba amelilaza juu ya breki kabisa. Litamrudia hapa linamwaga mafuta ya breki, ndipo watu watajua fundi ni nani." Wifi yako akakuuliza, "Si umwambie?" Nawe ukamjibu, "Aniulize kwanza. Ana mdomo." Nilitaka kufumbua macho wakati ule ule nikashindwa, si kwa udhaifu, kwa hofu ya nitakachokiona usoni mwako.

Mkono wako ni bora kuliko wa kaka yako, na bora kuliko wangu, hilo nalisema mbele yake. Ukikata bomba na kulilehemu, mtu hapati pa kuona lilipokatwa. Naye kaka yako hajakuambia hata siku moja, mbele ya wateja anakuita "huyu mdogo wangu ananisaidia". Ninajua. Inachoma. Mimi mwenyewe niliitwa mke wa fundi miaka mingi baada ya fundi kufa. Lakini nikuulize: katika gari lile kaka yako ameketi siti gani? Hayumo. Wamo watoto wa watu, wanaimba, wanarushiana vifutio, hawajui kama una kinyongo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zimevaa soksi. Aliyefunga waya alikosa kujua. Wewe ulijua, ukaenda kunawa mikono. Mkiniuliza lipi linanizuia kufa vizuri, si lile la waya.

Lia, hakuna ubaya. Ila lia ukinisikiliza.

Kila mtu ana tabia ya familia yake, na yetu ni hii, kunyamaza. Baba yenu alinyamazia maumivu ya kifua mpaka akaanguka na spana mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilimwambia hivyo alipokuwa hasikii tena. Sitaki kuwaachia hiyo. Kwa hiyo huu ndio urithi, na ninyi mtauita adhabu: kuanzia leo gari lililofungwa na kaka, dada ndiye atakayelala chini yake kabla halijatoka, na lililofungwa na dada, kaka ataingia shimoni. Aliyefunga haruhusu. Asiyefunga ndiye anayeruhusu, na akiruhusu kibovu, kosa ni lake. Msipoongea, hakuna gari litakalotoka, na gari lisipotoka hamli. Tutaona kiburi kinapikwaje. Kidole kimoja hakivunji chawa, na shimo moja halina milango miwili.

Maji. Asante... Mkono wangu uache hapo hapo, mkwe, usiufunike.

Sasa chukua simu. Wewe, mkubwa. Mpigie dereva. Hapana, si nje, hapa, nisikie. Usimwambie umeme umekatika, umeme upo, feni ile inazunguka. Usimwambie spea haijafika. Mwambie gari halijawa tayari, na kwamba tumelifunga vibaya. Sema tumelifunga. Mdogo wako anakutazama, anataka kusikia kama utasema tumelifunga au amelifunga.

Inaita? Ongea.

Kwa sauti, mwanangu. Unamnong'oneza nani?

...Eee. Hivyo.

Anafoka, namsikia kutoka hapa. Anasema atakwenda kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara. Mwache afoke, usimkatize, usikate simu. Dereva anayefoka ni dereva aliye hai. Mwambie akodi gari jingine leo, nauli ya leo italipwa na gereji, na kesho aje apande mwenyewe nyuma tukiwa tumelipakia, aone kwa macho yake.

Umemaliza? Tazama, hujafa. Neno limetoka na koo lipo.

Njooni karibu. Sioni vizuri, mwanga umepungua au ni mimi. Leteni vichwa. Huyu ni nani, mkubwa? Na huyu... huyu ni wewe, una kovu la cheche hapa kwenye nyusi. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape wateja wenye subira, na wasipokuwa na subira awape ninyi. Mlale chini ya magari na mtoke wazima. Watoto wenu wawaone mkigombana mchana na kula pamoja jioni. Niliyemuudhi anisamehe, nami sina la mtu moyoni... isipokuwa ile nusu ya mpaka rangi, nayo, haya, mwambieni nimeiacha pia. Ni nzito kubeba.

Siku ya kunizika fungeni gereji. Kesho yake fungueni. Msiandike jina langu ukutani.

Nendeni sasa. Mkate huo waya. Kaka apande nyuma, awe ndiye mzigo... ana uzito wa kutosha, tangu aoe. Dada aingie shimoni na taa. Amwambie kila kitu anachokiona, hata kinachouma. Naye amjibu.

Mkwe atakaa na mimi. Mimi nalala kidogo. Msitembee kwa vidole... msinong'one kwa ajili yangu. Nikifumba macho na kule nje kuko kimya, nitajua... nitajua mmerudia. Pigeni kelele, wanangu. Gombaneni. Kwa sauti... nisikie.