Mfuniko Uliokosa Milimita Tatu

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Meneja wa Uzalishaji, viongozi wa chama chetu cha wafanyakazi, mafundi wenzangu wa karakana ya kalibu, majirani zetu wa mashine za plastiki na wale wa kusubu alumini, wageni waalikwa, na wewe mama watoto wangu uliyeniamuru nisizidishe dakika kumi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Meneja amenisifu hapa mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine anayestaafu. Amesema kwa miaka thelathini na mmoja nimechonga kalibu zaidi ya mia nne, na kwamba hakuna nyumba mjini humu isiyo na kitu kilichopitia mikononi mwangu, iwe beseni, iwe kizibo cha chupa, iwe mpini wa alumini wa sufuria. Ni kweli. Lakini ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kuosha beseni akamkumbuka aliyelichongea chuma chake? Kazi yetu ni kuacha nafasi tupu ndani ya chuma, plastiki au alumini ya moto ikaingia humo ikapata umbo, na nafasi hiyo ikiwa sahihi hakuna anayejua kuwa tulikuwepo. Tunajulikana tukikosea tu.

Na tukikosea, kuna Ukuta wa Makosa. Wageni wetu mmepita mbele yake mkija ukumbini. Kitu cha kwanza kilichotoka kibaya kwenye kalibu hupigiliwa msumari pale, na chini yake huandikwa kwa rangi nyekundu wadhifa wa aliyekosea. Jina haliandikwi, eti kulinda heshima ya mtu, kana kwamba karakana yenye mchoraji mmoja inahitaji jina.

Mchoraji huyo tulimwita Nukta, kwa sababu hakuna mchoro uliotoka mezani kwake kabla hajarudia kuhesabu nukta za desimali kwa kidole, huku midomo ikimchezacheza. Yeye alichora, mimi nilichonga, miaka kumi na minne. Saa nne ya chai alishuka kutoka chumba chake cha juu, akaja kukaa mwisho wa benchi langu, nami nikasogeza makorokoro yangu kumpisha. Alikuwa mtani mbaya. Aliwahi kuniambia mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu, na kwamba siku vikikosana nifuate mikono. Mungu wangu, laiti ningemsikia.

Ikaja kazi ya mfuniko wa ndoo ya rangi, upana wake sentimita ishirini. Mnajua plastiki ikipoa husinyaa, na kila aina ina kiasi chake cha kusinyaa, ndiyo maana mchoraji huongeza vipimo vya kalibu kabla hatujagusa chuma. Nukta akaongeza kiasi cha plastiki ngumu, kama mteja alivyotaka. Katikati ya wiki karani wa mauzo akashuka na karatasi: mteja amebadili mawazo, anataka plastiki laini. Plastiki laini husinyaa karibu mara nne ya ile. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine. Nikamwambia lete, nitampa mwenyewe saa nne. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa ovaroli, nyuma ya kipimio changu. Saa nne tukacheka mambo mengine.

Chuma kikachongwa kwa vipimo vya zamani, kikapikwa kwenye tanuru kikawa kigumu. Mfuniko wa kwanza ulipotoka na kupoa, ukagoma kuingia kwenye ndoo. Ulipungua milimita tatu. Kiini cha kalibu, kile kinachoumba upande wa ndani wa mfuniko, kilitakiwa kunenepa, na chuma unaweza kukipunguza, huwezi kukiongeza, kwa hiyo kalibu nzima ikawa ya kutupwa.

Mama watoto aliitoa ile karatasi mfukoni Jumapili, akifua, akanionyesha. Jumatatu asubuhi kikao kikaitwa. Karani alikuwa amehamishwa tayari. Nukta akaulizwa kama alipata karatasi ya mabadiliko, akasema, "Mimi sijaona karatasi." Kisha akaniangalia. Hakuwa ananishuku, nadhani alitaka tu uso wa rafiki. Mkono wangu ulitaka kunyanyuka, kichwa kikaukataza, nami nikaangalia kipimio changu. Wiki ile nilikuwa natarajia barua ya kuwa msimamizi, na niliipata.

Ndiyo, Ndugu Mkurugenzi. Naona umeiweka kalamu chini. Mfuniko ule ulipigiliwa ukutani, chini yake pakaandikwa "Mchoraji". Nukta hakufukuzwa. Alikaa miezi mitatu, saa nne hashuki tena, kisha akaaga. Leo ana kibanda cha kuchonga funguo nyuma ya kituo cha basi. Mtu aliyechora kalibu za vizibo kumi na sita kwa pigo moja anachonga funguo za makabati.

Miaka kumi na saba nimepita mbele ya mfuniko ule kila asubuhi. Nimewafundisha vijana wasome makosa ya wenzao, nikifika pale nakohoa na kuongeza mwendo. Na saa nne, wenzangu wa benchi ni mashahidi, bado nasogeza vitu vyangu. Mmekuwa mkidhani ni ugonjwa wa usafi.

Nimemkosa yule mtu kuliko ninavyoweza kusema. Nimekuwa nikiwatuma watoto wangu kwake wakachongeshe ufunguo, ili nipate kushika kitu kilichotoka mikononi mwake. Kufuli ya geti langu ina funguo tisa. Zote zinafungua mara ya kwanza. Nazipima, natafuta kosa hata la unywele, silioni.

Tulimpelekea kadi ya leo. Kiti chake ni kile cha safu ya pili, kitupu. Lakini shemeji umekuja, wewe mke wake, na umekaa karibu na mlango kama mtu asiyejua kama atakaa sana. Nashukuru hujaondoka.

Asubuhi hii niling'oa msumari. Mfuniko huu hapa. Nimefuta neno lililokuwepo, nikaandika "Msimamizi wa karakana". Naomba uongozi uurudishe ukutani hivyo hivyo, na barua iandikwe kwa yule mchoraji, yenye mhuri, kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Karatasi ya karani ninayo, mama watoto aliitunza, na miaka yote hakunisamehe. Kama zawadi mliyoniandalia itabidi irudi stoo, sina neno.

Shemeji, nilitaka nikupe salamu umfikishie. Nimeghairi, kwa maana karatasi niliyopewa nimfikishie mnajua ilikoishia. Mwambie tu kesho saa nne awe kibandani. Safari hii sitatuma mtoto. Nitakuja mwenyewe, na sina ufunguo wa kuchongesha. Akitaka kunisogezea nafasi nitakaa. Asipotaka, nitasimama nje niseme niliyoyasema hapa.

Nawashukuruni kwa kazi, kwa miaka, na kwa kunivumilia kunisikiliza mpaka hapa.